Nepi za Khanga za Somoe

Jumapili jioni, mwanzo wa Machi. Joto, na wingu limekaa juu ya bandari tangu mchana bila kudondosha hata tone.

Leo sijafua nepi.

Ni siku ya kwanza tangu Januari. Asubuhi, nilipotoka kituo cha basi, nilijikuta nimesimama uani na ndoo imeshajaa maji ya bomba, ndipo nikakumbuka kwamba sina cha kuloweka. Nikaumwagia mpapai wa jirani yangu Bi Tatu maji yale, nikaingia ndani. Mwanangu Rehema ameondoka na bibi yake kwenda Lindi. Ana siku hamsini na moja duniani. Mimi ndiye niliyesema aende, hakuna aliyeninyang'anya, na naliandika hilo mwanzo kabisa ili kesho nisije nikajidanganya.

Niandike tangu ilipoanza, huenda kichwa kikapungua uzito.

Somoe, mke wangu, hakutaka tununue kitu chochote kabla ya kujifungua. Kwao mtoto hatangulizwi. Ukimshonea nguo akiwa bado tumboni, unamwitia balaa. Mimi, mwalimu wa hesabu wa darasa la sita, nilimcheka. Akaniambia, "Mwalimu, wewe sahihisha madaftari yako, mambo ya tumbo niachie mwenyewe." Basi siku alipofariki, saa chache baada ya kujifungua, damu ikiwa imekataa kusimama, chumbani kwetu hapakuwa na kitambaa hata kimoja cha mtoto. Nilikabidhiwa Rehema amefungwa shuka la hospitali lenye mhuri, na nesi akaniambia kwa upole kwamba shuka lirudi.

Nililirudisha siku ya tatu. Niliona aibu kulipeleka bila kulipiga pasi.

Mwanzoni alinisaidia Bi Tatu, mpangaji wa chumba cha mbele, muuza vitumbua, mjane kwa miaka mingi. Alichana shuka lake kuukuu vipande vinne na kwa vipande hivyo vinne mwanangu akaishi siku zake za kwanza. Kimoja kikivaliwa, kimoja kiko kwenye ndoo, viwili kwenye kamba. Mimi nilikaa barazani napokea pole za watu. Sikujua hata mtoto anafungwaje. Redioni kila siku wanatuhimiza tufunge mikanda, na mimi winda la mwanangu mwenyewe sikujua kulifunga.

Siku ya kumi na mbili Bi Tatu aliitwa msibani Bagamoyo. Akaniachia mtoto, chupa na maelekezo. Kufikia saa tatu asubuhi vipande vyote vinne vilikuwa vimelowa.

Nikamweka Rehema begani nikatoka kutafuta nepi. Duka la kaya la mtaa wetu, la bidhaa za mgawo, lilikuwa na chumvi na viberiti tu. Mtaa wa Msimbazi nikaona foleni, nikaunga, maana siku hizi mtu anaunga kwanza ndipo anauliza. Aliyekuwa mbele yangu alisema ni vitambaa. Aliyemtangulia yeye alisema ni sukari. Wanawake wakaniona na mtoto mchanga, wakanipitisha mbele, mmoja akiuliza mama yake yuko wapi na mwenzake akimbana kiwiko anyamaze. Nilipofika dirishani, kumbe ni rangi ya viatu, makopo mawili kila mtu. Nikanunua. Ukishafika dirishani hurudi mikono mitupu, hata kama viatu vyako ni kandambili.

Nilirudi nyumbani na rangi nyeusi ya viatu na mtoto amelowa mpaka mgongoni. Nikamlaza kitandani, nikafungua sanduku la Somoe.

Kulikuwa na doti tano za khanga. Alikuwa akizitunza kama watu wengine wanavyotunza vyeti, zimefukizwa udi, zimekunjwa zikalingana. Nilichukua mkasi wa shule ninaokatia karatasi za manila. Nilijiambia kwamba nguo ya mama ni ya mwana, na khanga iliyovaliwa ni laini, haitamchubua. Nilikata doti ya kwanza nikaona si kazi ngumu. Nikakata ya pili. Sikulia siku ya mazishi, watu walinisifu, lakini nililia nilipofika doti ya tatu, maana ilikuwa na doa la mafuta ya taa niliyoyamwaga mimi nikijaza kibatari, na Somoe alininunia siku mbili kwa ajili yake. Nililikata doa katikati. Adhuhuri ilipoadhiniwa sanduku lilikuwa tupu na nilikuwa na nepi ishirini.

Nilijisikia baba. Naandika ukweli: nilijisikia hodari sana siku ile.

Bi Tatu aliporudi alizikuta zimejaa kwenye kamba, maua ya korosho na mistari myekundu na myeusi, na maneno ya khanga yamekatika katikati, nepi moja ina "Subira" na nyingine ina "yavuta heri". Aliweka kikapu chini. Nilidhani atanipongeza.

"Mwalimu," akasema, "hizi ulizokata si zako."

Nikamwambia ni za mke wangu.

"Za marehemu. Zilikuwa zinangoja arobaini. Mama yake atakuja, atauliza sanduku la mwanawe, agawe, kila dada na kila shangazi aondoke na cha kumkumbukia. Sasa atagawa nini?"

Natamani ningeweza kusema kwamba sikuijua desturi hiyo. Naijua. Nguo za mama yangu mzazi ziligawiwa nikiwa na miaka tisa, na mimi nilipata msala wake. Nilisahau tu. Mtoto alikuwa analia na mimi nilikuwa na majonzi yangu, nikasahau kwamba Somoe alikuwa na wengine wanaomlilia.

Lakini kilichokatwa kimekatwa. Bi Tatu alitikisa kichwa siku nzima, kisha jioni akaja chumbani na nepi moja begani akasema kama nimeshaharibu basi nijue na kutumia. Akanifundisha. Unakunja pembe tatu. Upande mrefu unakaa kiunoni, mtoto analala juu yake, pembe ya chini inapita katikati ya miguu, pembe mbili za pembeni zinakutana nayo kitovuni. Mtoto wa kike unamwongezea unene nyuma, wa kiume mbele. Vidole vyako viwe kati ya pini na ngozi yake, ukichoma ujichome mwenyewe. Kwenye pembe tatu nilikuwa mwepesi, hiyo ni kazi yangu ubaoni. Kwenye pini nilijichoma mpaka vidole vikawa havishiki chaki.

Na pini zenyewe hazikupatikana. Nilikwenda kwa Mama Nirmala, mwenye duka la nyuzi na vifungo upande wa Mchafukoge, ambako Somoe alikuwa akinunua uzi wa kufumia vitambaa vya meza. Rafu zake zilikuwa tupu kama za kila mtu, vifungo vya makoti tu vimebaki. Nilipomweleza, aliniangalia, akaangalia mlangoni, akachomoa pini mbili kwenye mikunjo ya sari yake. "Chukua, Mwalimu. Yangu itakaa tu." Akaishika sari kwa mkono wa kushoto, akaendelea kunihesabia vifungo ambavyo sikuvihitaji, apate la kufanya asilie. Nilivinunua.

Basi nikawa mfua nepi. Kila siku kabla ya kumwachia Bi Tatu mtoto na kwenda shule, uani, mbele ya wapangaji wote. Unatoa uchafu kwanza, unaloweka, unafikicha, halafu unachemsha na magadi kwenye sufuria kuukuu, maana sabuni ya mche ni mpaka zamu ya mtaa ifike. Wanawake walicheka wiki ya kwanza. Mmoja aliniuliza kama na kunyonyesha nitajifunza. Wiki ya pili wakawa wananisogezea ndoo. Ya tatu, mpangaji wa chumba cha nyuma alinitaka nimwonyeshe mumewe jinsi ya kukunja, na mume alikaa siku tatu bila kunisalimia.

Bi Tatu alikuwa na sharti moja ambalo hakulegeza. Nguo ya mtoto mchanga haiachwi nje jua likizama. Pepo wa magharibi wanaipitia, na kesho yake mtoto halali. Mimi siamini mambo hayo. Lakini na kutotanguliza nguo pia sikuamini, nikacheka, na tazama. Kila jioni nilikuwa naanua kabla jua halijafika kwenye paa la jirani.

Nilijenga hoja kichwani mwangu. Nilijua mama mkwe anakuja arobaini. Nilijua kwao mtoto ni wa upande wa mama, na kwamba hakuna mtu Kusini atakayeamini kwamba mwanaume peke yake, chumba kimoja cha kupanga Kariakoo, analea mtoto mchanga. Nikasema nitawaonyesha. Mtoto wangu atakuwa mkavu, hana upele, hana mkwaruzo wa pini. Wakimfungua watakuta kazi safi. Nilidhani mtihani ni nepi, nikausomea kwa bidii zangu zote.

Mama mkwe alifika siku mbili kabla ya arobaini, akafikia kwa Bi Tatu. Mimi na yeye tunaoneana haya kama inavyopasa. Tangu nimuoe Somoe tumesalimiana kwa mlango katikati, yeye amejitanda uso, mimi nimeinamisha macho. Sijawahi kula naye mkeka mmoja. Tulisoma khitma, watu wakala pilau ambayo mtaa mzima ulichangia mchele wake kikombe kikombe, wakaondoka. Kesho yake akamtuma Bi Tatu aje aniulize lilipo sanduku la mwanawe.

Nililipeleka mwenyewe. Nikaliweka mbele yake, nikalifungua, nikaleta na nepi zote ishirini, mtoto nimemfunga kipande cha shuka la Bi Tatu, nikaziweka kando. Nikasema, "Mama, nisamehe. Nilizikata mimi."

Nilikuwa nimejiandaa kulaumiwa. Alikaa chini mkekani akaanza kuchambua vipande, akivitandaza na kuvisogeza mpaka kimoja kikakutana na mwenzake, maua kwa maua, mstari kwa mstari. Hii nilimpa alipovunja ungo. Hii alinunuliwa na baba yake kabla hajafa. Hii siijui, huenda umemnunulia wewe. Alikuwa anasema peke yake, taratibu. Alipomaliza, khanga kumi zilikuwa zimelala sakafuni zimetimia, ila katikati ya kila moja kulikuwa na mfereji mwembamba wa mkeka. Aliweka kiganja juu ya doa la mafuta ya taa, nusu huku nusu kule, akalia. Mimi nilitaka kutoka, kwa haya, nikabaki. Nikalia pale pale, mbele ya mkwe wangu, jambo ambalo hata baba yangu asingelielewa.

Kisha Rehema akaamka chumbani kwangu, analia, amelowa. Bi Tatu akainuka kumfuata. Mama mkwe akamzuia.

"Mwache baba yake amfunge. Nataka kumwona."

Nilimfunga mbele yake. Mikono ilijua kazi. Nikakunja pembe tatu, nikaongeza unene nyuma, nikaingiza vidole kati ya pini na ngozi. Mtoto akanyamaza kabla sijamaliza, akawa ananitazama usoni kama anavyofanya siku zote wakati huo. Mama mkwe alisogea karibu, akakagua kiuno, akakagua mapaja. Hakukuta upele.

"Unajua," akasema.

Nilidhani nimefaulu.

Akamnyanyua, akamtikisa kidogo mikononi kama mtu anayepima kuku gengeni, akamrudisha. "Baba Rehema, mtoto ni mkavu. Lakini ni mwepesi."

Nilijua. Ndiyo maana imeniuma hivi. Kadi ya kliniki iko kwenye droo yangu na mimi ni mwalimu wa hesabu, najua mstari unaoteremka. Maziwa ya kopo nimeyapata mara mbili tu tangu Januari. Mengine ni ya mwenye baiskeli, yamechanganywa mpaka yana rangi ya maji ya mchele, na siku nyingine hapiti. Mdogo wake Somoe, Mwanaisha, yuko Lindi na mtoto wa miezi mitatu na maziwa yanamlowesha nguo. Mama mkwe alinieleza hayo bila kupandisha sauti. Akasema hakuja kupora mtoto. Amekuja kuniuliza. Akasema tena kwamba mvua kubwa zikianza, barabara ya Kusini inafungika kule Rufiji, na mtu hapiti mpaka katikati ya mwaka.

Siku nane sikumjibu. Naye hakuniuliza mara ya pili. Nilifua nepi kwa hasira, nikafua hata zilizo safi. Nilimpeleka Rehema kliniki Ijumaa, na nesi akaweka nukta yake kwenye kadi chini ya nukta ya mwezi uliopita. Alisema mtoto huyu anataka ziwa. Nilirudi kwa miguu, nimemfunika jua kwa daftari la mahudhurio. Mlangoni nikasimama upande wa nje, mama mkwe akiwa ndani, nikasema kama tulivyozoea, bila kuonana, "Mama, mchukue."

"Ni wako," akasema. "Naenda kumnyonyesha tu."

Leo alfajiri nilimfunga mara ya mwisho. Nepi moja alivaa, kumi na nane nikazipanga kwenye kikapu, pini moja kiunoni mwake na nyingine nimeichomeka kwenye ukosi wa gauni la bibi yake isipotee. Kituoni, watu wanapakia magunia na magodoro, nikaanza kumweleza mama mkwe jinsi ya kufunga. Kwamba unene uwe nyuma. Kwamba vidole vikae kati ya pini na ngozi. Kwamba hapendi nepi yenye mshono kwenye paja la kushoto, analia. Namweleza hayo mwanamke aliyezaa saba na kuzika watatu. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, akiitikia kwa kichwa kila baada ya neno, kama mtu ambaye hajawahi kuona nepi maishani mwake. Na kwa mara ya kwanza aliniangalia usoni.

Basi likaondoka. Sina zaidi la kuandika juu ya hilo.

Nimeshinda ndani. Nimesahihisha madaftari ya darasa zima na nadhani nimekosea mengi. Muda si mrefu uliopita Bi Tatu ameniita kutoka uani.

"Mwalimu, kuna nguo ya mtoto huku kwenye kamba. Jua linazama."

Nimetoka. Ilikuwa nyuma ya shuka lake, ndiyo maana sikuiona nilipokuwa napanga kikapu. Nepi moja, yenye nusu ya doa. Nikamwambia aiache tu, hakuna mtoto tena ndani ya nyumba hii wa kudhurika.

Bi Tatu akanitazama kama ananionea huruma na hasira kwa pamoja. "Mtoto yupo," akasema. "Yuko njiani tu. Anua."

Jua lilikuwa limeshagusa paa la jirani. Nimekwenda mbio mimi mtu mzima, mbele ya wapangaji, nikaichomoa kwenye kamba. Nimeipiga pasi. Nimeikunja pembe tatu na kuiweka kwenye sanduku la Somoe, peke yake. Shule zikifungwa mwezi wa sita, barabara ikipitika, nitampelekea mwenyewe.

Nepi itamtosha. Sijui kama atanijua.